Mbegu za Yungiyungi Mikononi mwa Bi Mwatumu

Wazee wetu walipokea kisa hiki kutoka kwa wazee wao, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba zamani katika mji mmoja wa mwambao palikuwa na mwanamke mchamungu akiitwa Bi Mwatumu binti Shaali, mke wa mwadhini. Mali hakuwa nayo. Alikuwa na kitu ambacho matajiri wa mji ule hawakuweza kukinunua: watu walimwamini. Msafiri alimwachia ufunguo wa nyumba, mjane alimwachia vipuli vyake, na hata waliogombana walimwachia yeye kile walichokuwa wakikigombea. Naye alivitunza vyote kwa mapenzi, akivipangusa vumbi kila Ijumaa kana kwamba wenyewe wangebisha hodi adhuhuri ile ile.

Nyuma ya msikiti palikuwa na birika kubwa la mawe, lenye ngazi za kushukia majini. Humo yaliota mayungiyungi, yale maua ya buluu yanayojifunga jua likizama na kufunguka linapopanda. Maua yale yalikuwa wakfu. Kila bibi harusi, awe binti wa liwali au binti wa mchota maji, siku ya kutolewa nje alitiwa yungiyungi moja nyweleni bila kuulizwa baba yake nani. Asumini ilinunuliwa. Yungiyungi halikununuliwa. Kisha ukaja ukame mkali, birika likakauka, na watu wakachimba mizizi ya maua yale wakaila. Nani atawalaumu? Njaa ilikuwa njaa. Lakini tangu hapo maharusi wa kimaskini wakawa wanatoka vichwa vitupu, na wenye asumini wakaanza kujiona.

Bi Kidawa, mtunza birika, alikuwa amewahi tunda la mwisho. Akalipasua, na zile mbegu zake, ndogo kuliko hata ufuta, akazitia katika mtungi wa tope na maji, akingoja mvua. Kabla mvua haijafika, ikafika nafasi ya kwenda Hija, jambo alilokuwa akiliomba tangu ujana wake. Akaupeleka mtungi kwa Bi Mwatumu, wenziwe wa msafara wakimwita njiani.

"Shoga yangu, humu ndimo yalimobaki mayungiyungi yote ya mji huu. Nitunzie mpaka nirudi."

"Nenda kwa amani," akajibu Bi Mwatumu. "Yako mikononi mwa Mola, kisha mikononi mwangu."

Bi Kidawa akaenda zake. Hakueleza zaidi, kwa kuwa kwake yeye hapakuwa na la kueleza.

Baada ya muda mtungi ukaanza kunuka. Bwana Shaame, yule mwadhini, akawa anaingia ndani akifunika pua. "Mke wangu, kuna panya aliyefia humu?"

"Ni amana ya Bi Kidawa, inaoza!" Bi Mwatumu akashika kifua. "Atarudi akute imeniozea mikononi!"

Basi akafanya kile ambacho kila mwanamke wa mji ule angekifanya kwa mbegu anayoipenda. Akaziopoa zile mbegu kwenye tope, akaziosha kwa maji saba, akazianika juani juu ya kitambaa cheupe hadi zikakauka kau. Akazichanganya na majivu ili zisipate wadudu, akazitia kwenye kibuyu, akakitundika juu ya meko penye moshi, pale pale alipohifadhi mbegu zake za mtama na kunde. Usiku ule alilala usingizi mtamu, akimshukuru Mungu aliyemwezesha kuokoa mali ya watu.

Masika ikaingia, birika likajaa, na mji mzima ukawa hauna neno jingine ila "Akirudi tu Bi Kidawa, tutaona maua!" Ndipo akaja shangazi yake Bi Mwatumu kumtembelea, mama mmoja aliyeolewa huko kwenye mabonde ya maji. Akaonyeshwa kibuyu kwa fahari. Shangazi akamimina mbegu kiganjani, akazitazama, akamtazama Bi Mwatumu.

"Umezianika, mwanangu?"

"Nimezianika vizuri sana, shangazi."

"Basi hizi zimekufa. Mbegu ya yungiyungi huishi kwenye tope. Ikikauka, haina roho tena."

Bi Mwatumu hakulia. Aliketi chini tu, kibuyu mapajani, mpaka moto ukazimika mekoni. Na siku chache baadaye zikaja habari kwamba mahujaji wamekaribia mji.

Bwana Shaame alikuwa mtu mwema, na alimpenda mkewe. Hilo ndilo lililomponza. "Sema paka aliuangusha mtungi ukavunjika," akamwambia.

"Paka gani, Bwana Shaame? Sisi hatuna paka."

"Tutafuga!"

Bi Mwatumu akacheka kwa mara ya kwanza tangu shangazi aondoke. Lakini mumewe hakukoma. "Sikiliza. Basi sema ilikuwa kudra ya Mungu. Huo si uongo. Kila kitu ni kudra yake."

"Kudra ni yake, nakubali," akasema Bi Mwatumu. "Lakini aliyeosha ni mimi. Aliyeanika ni mimi. Wewe unapanda mnarani mara tano kwa siku kumtukuza, kisha unataka nimtwike Yeye kosa langu ili mimi nibaki na jina zuri?"

Mwadhini akatoka kwenda kuadhini. Wala tusimcheke sana. Ni wangapi leo wanaoharibu haki za watu kwa mikono yao wenyewe, mchana kweupe, kisha wanasimama mbele ya wenye haki na kusema "ni mipango ya Mungu"? Na wenye haki wanatakiwa waitikie amina! Bi Mwatumu hakujua kusoma vitabu vingi, lakini adabu hii aliijua: Mwenyezi Mungu hasingiziwi.

Mahujaji wakaingia. Ua wa Bi Kidawa ukajaa wanawake, kahawa ikimiminwa, halua ikipita mkono kwa mkono, kila mmoja akitaka kuigusa nguo yake nyeupe. Bi Mwatumu angeweza kungoja wakaondoka. Hakungoja, kwa sababu amana ile ilikuwa ya mji mzima. Akapita katikati, akaweka kibuyu mbele ya Bi Kidawa.

"Hija yako iwe yenye kukubaliwa, shoga yangu. Mbegu zako nimeziua. Nilidhani zinaoza, nikazitoa kwenye tope nikaziosha na kuzianika. Hakuna aliyenituma, wala hakuna wa kunitetea."

Bi Kidawa alikitazama kibuyu, machozi yakimlengalenga.

"Umeziosha?"

"Nimeziosha."

"Na sabuni ulitia?"

"La, sabuni sikutia."

Mwanamke mmoja akapasuka kicheko, akakimeza. Bi Kidawa akapangusa macho kwa upindo wa nguo. Kisha, kama mtu aliyeshtuliwa, akainua kichwa.

"Tope lake ulilimwaga wapi?"

"Nyuma ya nyumba. Kwenye lile shimo tulilochimba udongo wa kukandikia ukuta."

"Lina maji?"

"Tangu masika. Maji na magugu. Bwana Shaame ameshanoa jembe, anataka kuyang'oa na kulifukia kesho, maana anasema majani yenyewe ya duara duara yanamletea mbu..."

Hakumaliza. Bi Kidawa alikuwa ameshainuka, hana viatu, halua bado mkononi. Wanawake wote wakamfuata mbio, mabuibui yakipepea. Wakafika kwenye shimo, na lo! Majani ya duara yenye mkato upande mmoja, mekundu kwa chini, yamelala juu ya maji kama sahani. Katikati yake chipukizi la ua limetokeza, limefumba, ncha yake ya buluu.

Mkono gani ungeweza kuokota mbegu ndogo vile zote kutoka kwenye tope? Zile alizoziokota, zilianikwa zikafa. Zile zilizomponyoka, Mola alizihifadhi.

Bi Kidawa akaingia shimoni na nguo yake nyeupe ya Hija, tope likamfika magotini, akamvuta Bi Mwatumu naye akaingia. Vigelegele vikapanda. Bwana Shaame, aliyesikia makelele tu akadhani mkewe anapigwa, akashuka mnarani mbio, kilemba kikimfunguka njiani. Alipoona wanachokishangilia akasema, "Magugu yangu!" Wanawake wakamcheka mpaka wakakaa chini.

Miche ile waliihamisha pamoja na tope lake kwenye vyungu, wakaviweka kwenye ngazi ya juu ya birika, na kila vikonyo vilipozidi urefu wakashusha vyungu ngazi moja, mpaka vikafika chini kabisa. Birika likawa la buluu. Bibi harusi wa kwanza alikuwa binti wa mchota maji, na wenye asumini walisogea karibu wamwangalie.

Inasemekana mtu mmoja mgeni, alipoona watu wakiendelea kumpelekea Bi Mwatumu amana zao, aliuliza kwa kejeli, "Huyu si ndiye aliyeziua mbegu za mji?"

Wakamjibu, "Ndiye. Na tumejuaje? Alituambia mwenyewe."

Mwenyezi Mungu awarehemu Bi Mwatumu na Bi Kidawa, na mwadhini wao. Tazameni vizuri, ndugu zangu: lau angesema paka, nani angeuliza habari za tope? Jembe lilikuwa limeshanolewa. Kukosea kutatukuta sote, hata tukiwa na mapenzi. Tumwombe Mola atujaalie, siku hiyo, ulimi wa kusema "ni mimi."