Fumbo la Bi Mize Kisimani

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmemeza uji wa moto? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Shule niliiacha mapema, lakini kwa hadithi hakuna wa kunikalisha. Tegeni masikio.

Zamani hizo za kale, babu zenu hawajawaziwa hata kuzaliwa, vijiji viwili viligombea kisima kimoja. Hawakupigana. Walitegeana mafumbo ya bao. Huyu anapanga kete, yule anatakiwa kushinda kwa mkono mmoja tu: asambaze, ale, mpaka safu ya mbele ya mwenzake ibaki tupu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala. Ukilala mara tatu, umeshindwa.

Alikuwepo Bi Mize. Bibi mwembamba, kachimba mashimo ya bao uani kwake, kutwa anapanga kete zake za komwe, anapangua, anatunga mafumbo yake. Kuku wakipita katikati, "Shii!" anaendelea.

Watu wakamcheka. Mcheka mkuu ni Kombo, fundi wa bao, na wa mdomo zaidi.

"Anacheza peke yake, na bado hashindi!"

Siku moja Kombo akawaendea majirani wa kijiji cha pili. "Leteni fumbo lolote, hata la mababu! Tukishindwa, kisima chenu. Sisi tutakunywa umande."

Lo! Majirani wakamleta Mzee Hatibu. Akaweka bao kisimani, akapanga kete moja moja, mpango wote anao kichwani.

"Fumbo hili lina vizazi saba. Halijafumbuliwa."

Kombo akacheza. Ta-ta-ta-ta... tupu. Kalala.

Akacheza tena. Ta-ta-ta-ta-ta... tupu. Kalala.

Jasho likamshuka hadi magotini. Wanawake wakatazama mitungi yao. Umebaki mkono mmoja.

"Sogea, mjukuu wangu. Unanizibia jua."

"Bi Mize, nakuomba, hapa si pa kucheza na kuku."

"Kuku hawana mdomo kama wako."

Akakaa. Akatazama, akatazama weee. Akachukua kete. Ta-ta-ta, akala. Ta-ta-ta, kete ya mwisho ikaangukia nyumba, lile shimo la mraba ambalo mchezaji hulilimbikizia kete zake. Kombo aliikwepa mara zote mbili.

"Usiiguse!" watu wakapiga kelele. "Nyumba haivunjwi!"

"Ndiyo maana vizazi saba vimelala humu," akasema Bi Mize.

Akaivunja, akazoa kete zake zote, akasambaza. Ta-ta-ta-ta-ta-ta-ta! Akala. Akala tena. Mbele ya Hatibu peupe!

Kombo akaruka juu. "Kisima chetu! Majirani wanywe mate!"

"Kaa chini. Aliyefumbua ni nani?"

"Wewe, bibi."

Bi Mize akapanga kete upya. "Hili nimelitunga mwenyewe. Watakaolifumbua, kisima chao peke yao. Kabla ya hapo, tuchote wote."

Wakajaribu. Mwaka ukapita, na mwingine. Kombo na Hatibu wakawa wanagongana vichwa juu ya bao moja, wanagawana tumbaku.

Bi Mize alipolala kitandani hoi, Kombo akamwinamia. "Bibi, niambie. Lile fumbo lina jibu kweli?"

"Umechota maji leo?"

"Nimechota."

"Na Hatibu?"

"Kachota."

Bi Mize akacheka, akageukia ukutani.

Basi ukimwona mzee anacheza peke yake, usimcheke. Kaa umtazame mkono. Kombo ni babu yake babu yangu. Mdomo huu nimeurithi. Lile fumbo nami nimelijaribu, nikalala mara tatu. Msinitangaze!

Hadithi yangu imeangukia shimo tupu. Imelala hapo.