Fundi Luvanda na Fundi wa Kwenye Simu

Hii nimeletewa na rafiki, naye aliletewa na mwingine. Isome yote kwanza, ndipo uamue wa kumpelekea.

Pale Ilula, wanapouza nyanya na vitunguu kandokando ya barabara kuu ya Iringa, palikuwa na fundi magari aliyeitwa Luvanda. Alikuwa fundi kweli. Watu walitoka hadi Iringa mjini kumletea magari, na akikwambia gari limepona, basi limepona.

Mteja wake wa siku nyingi alikuwa Bwana Chengula, mwenye duka la mbegu na mbolea. Chengula alikuwa na Subaru ya turbo, ya bluu, na alivyolipenda gari lile, mkewe Mama Lusungu alikuwa akimtania: "Siku mimi na hilo gari tukiugua pamoja, najua utaanza kumpeleka nani kwa daktari."

Kwa miaka yote ile hakuna mkono mwingine ulioligusa zaidi ya mkono wa Luvanda. Hata akilitaja, Luvanda alisema "gari letu", na Chengula hakumsahihisha.

Ikatokea turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa, ikafa. Ya aina ile haikupatikana, kwa hiyo Luvanda akatafuta nyingine, kubwa kidogo, akahangaika nayo mpaka ikakaa. Alikata mipira ya hewa upya, akatengeneza vishikio kwa mikono yake, vidole vikachubuka. Gari likawaka. Lakini lilikohoa, lilikunywa mafuta vibaya, na ukilikanyagia lilikuwa likigonga ndani kwa ndani.

"Mimi kazi yangu imeishia hapa," Luvanda akamwambia bila kuficha. "Kompyuta ya gari bado inadhani ina turbo ile ndogo. Inatakiwa ipangiwe upya hewa na mafuta. Ndiyo wanaita kutyuni. Hiyo siijui, na huku kwetu sijamsikia anayeijua. Ukilikimbiza hivi hivi utaua injini."

Chengula akaanza kutafuta mtu. Akaambiwa siku hizi wapo wanaotyuni wakiwa mbali. Unachomeka waya kati ya gari na kompyuta mpakato, unaendesha, gari linaandika lenyewe kila linachofanya. Unamtumia fundi taarifa hizo kwa mtandao, naye anakurudishia mpangilio mpya, mpaka gari litulie.

Akaongea na watatu. Kisha siku moja akaja gereji na waya wake mkononi, uso unang'aa.

"Nimempata, fundi! Anaitwa Ghalib, yuko Tanga. Ni huyu huyu."

"Amewahi kuliona gari?"

"Hajaliona. Lakini ukisikia anavyouliza maswali, utadhani kalala ndani ya injini."

Luvanda akacheka naye. Ila kifuani alihisi kitu kimemchoma, kidogo tu, akakipuuza.

Kuanzia siku hiyo kila neno likawa Ghalib. Ghalib kasema tubadilishe plagi. Ghalib kasema mafuta ya kituo kile si mazuri, niwe najaza kwingine. Ghalib anauliza mpira wa juu una upana gani. Luvanda alibadilisha, alipima, alijibu. Na gari likaanza kupona.

Hapo ndipo palipomuuma zaidi. Kama lingeharibika, angelala usingizi. Lakini kila Chengula aliporudi, lilikuwa limepona kidogo zaidi ya juzi. Kikohozi kikaisha. Kule kugonga kukaisha. Alasiri moja Chengula akaliwasha mbele ya gereji na kulikanyagia, likanguruma vizuri hadi wauza vitunguu wakaja kuangalia.

"Kalifanya nani hivi?" mmoja akauliza.

"Mtu wa Tanga! Hajawahi hata kukanyaga Ilula!"

Watu wakashangaa, wakacheka. Luvanda alikuwa chini ya gari jingine hatua chache tu kutoka pale, oili inamtiririkia kiganjani. Alisikia yote. Alingoja atajwe. Hakutajwa. Hakuna aliyeuliza turbo ile aliifunga nani.

Tangu hapo akawa mtu mwingine. Simu ya Chengula ikilia, na Chengula akisogea pembeni huku anatabasamu, Luvanda alijua ni nani. Aliacha alichokuwa anafanya, akatega sikio. Alitafuta kwenye simu yake namba ya Ghalib aliyopewa na Chengula, akafungua picha yake. Kijana mwembamba mwenye miwani, kavaa shati jeupe. Luvanda akaikuza ile picha, akaangalia kucha. Zilikuwa safi. Akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akaangalia za kwake.

"Huyu naye ni fundi," akasema peke yake. "Harufu ya gari lile haijui, lakini ndiye fundi. Mimi ni nani basi?"

Ijumaa Chengula akalileta gari.

"Tumefika mwisho, fundi. Ghalib anasema ulikague lote mara moja ya mwisho. Kesho nalizungusha hapa kwenye tambarare, namtumia taarifa, anamaliza."

"Haya. Acha hapo."

Chengula akavuka barabara kwenda kununua soda, yake na ya fundi. Luvanda akabaki na gari, boneti ikiwa wazi. Macho yake yakaenda kwenye ule mpira mnene unaotoa hewa kwenye turbo. Aliukaza mwenyewe. Akachukua bisibisi, akailegeza klipu inayoubana. Hakuutoa mpira. Aliuacha umekaa kama ulivyokuwa, ukishikiliwa na kitu kidogo sana.

Alijipa sababu. Kesho mpira utachomoka pale kwenye tambarare. Gari litatoa moshi mweusi na kuzima. Chengula atampigia Ghalib, Ghalib ababaike. Kisha atakuja hapa, nami nitaukaza kwa muda wa kufumba na kufumbua, ndipo atajua fundi ni nani.

Akafunga boneti. Chengula akarudi, wakanywa soda.

"Tayari?"

"Tayari."

Kesho yake Luvanda hakufanya kazi ya maana. Kila gari la bluu lilipopita aliinua kichwa. Saa za chakula zikapita, Chengula hakuonekana. Akapiga simu, haipatikani. Mwishowe akaenda dukani, akamkuta muuzaji.

"Bosi hayupo," muuzaji akasema. "Mdogo wake Mama Lusungu kajifungua kule Ruaha Mbuyuni. Wameondoka asubuhi na mapema, yeye na mama. Wamesema watarudi leo leo."

Ruaha Mbuyuni iko bondeni. Ukitoka Ilula unateremka Mlima Kitonga, na ukirudi unaupanda. Anayeijua barabara ile anajua: ukuta wa mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, malori yanajikokota, na kona ambazo humwoni anayekuja.

Kuteremka kusingekuwa na shida, kwa sababu turbo haisukumi hewa nyingi gari linaposhuka. Kupanda ndiko kungeuchomoa ule mpira. Luvanda alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akakimbilia pikipiki yake.

Njia nzima alikuwa anapiga simu isiyopatikana. Alipofika Kitonga na kuanza kuteremka, kila kona aliogopa kuiangalia. Akakuta majani yametandazwa barabarani kuonya magari, na mbele yake foleni ya malori. Akapenya pembeni.

Gari la bluu lilikuwa limeegemea mwamba. Mama Lusungu alikuwa amekaa juu ya jiwe, kajifunika kanga mpaka kichwani. Kiatu kimoja hakikuwapo. Nyuma ya gari, karibu sana, lilisimama semi, lori refu la tela, likiwa limeacha alama ndefu nyeusi za breki.

Chengula alikuwa na simu sikioni. Alipomwona Luvanda akanyoosha mikono yote miwili.

"Fundi! Nani kakwambia? Mungu ndiye kakuleta!"

Luvanda akateremka kwenye pikipiki, macho kwenye lile semi.

"Lilipiga mlio kama puto linapasuka, moshi mweusi, likazima hapa hapa kwenye kona. Semi lilikuwa nyuma yetu. Dereva wake kajitahidi, yule baba. Angalia liliposimama." Akaonyesha kwa viganja, nafasi ya kupita mtu mmoja kwa ubavu. "Bahati hapa kuna mtandao. Ngoja, Ghalib huyu hapa."

Akaweka simu spika.

"Usiliwashe kwanza," sauti ya Ghalib ikasema. "Huo ni mpira wa turbo umechomoka. Fundi amefika?"

"Kafika sasa hivi, sijui kaotaje."

"Alhamdulillahi. Fundi Luvanda, shikamoo."

"Marahaba," Luvanda akaitikia, macho kwenye boneti.

"Au jana klipu ilisahaulika kukazwa?" Chengula akauliza, bila ubaya wowote.

"Hapana, hapana," Ghalib akasema haraka. "Fundi Luvanda hasahau klipu. Tangu tumeanza naisoma kazi yake, hakuna hata pumzi moja ya hewa iliyovuja. Basi klipu yenyewe ni mbovu, hutokea. Asilaumiwe mtu. Chengula, ulishamwambia lile jambo letu?"

"Bado. Nilitaka gari liishe kwanza."

"Mwambie tu, apate moyo. Leo mmeona makubwa."

Chengula akamgeukia Luvanda.

"Unajua niliongea na watatu. Wa kwanza aliniambia nisimwache fundi wa vichochoroni aguse tena gari langu. Wa pili aliniahidi nguvu za ajabu, wala hakuuliza hata swali moja. Huyu, swali lake la kwanza lilikuwa: turbo kafunga nani? Nikamtumia picha. Akaniambia, kama fundi huyo ndiye atakayeendelea kulishika gari, nitaifanya kazi. Kama si yeye, tafuta mtu mwingine. Ndiyo sababu nilimchagua, fundi. Nilimchagua kwa ajili yako."

"Na kama utakubali," Ghalib akaongeza, "nataka nikufundishe kutyuni. Uwe mtu wangu wa huko juu, Iringa mpaka Njombe. Nina wateja wengi huko na sina mkono wa kuuamini."

Malori yalikuwa yananguruma kwenye foleni. Luvanda angeweza kunyamaza. Klipu ilikuwa imeshaitwa mbovu, na aliyeiita hivyo ni mtu yule yule ambaye Luvanda alimchukia.

"Klipu si mbovu," akasema.

"Unasemaje?"

"Niliilegeza mimi. Jana, ulipokwenda kununua soda."

Chengula alimtazama kama mtu ambaye hajasikia lugha iliyotumika.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kila siku ulikuwa unamtaja yeye."

Mama Lusungu akainuka pale kwenye jiwe. Akaja polepole na kiatu chake kimoja, akasimama mbele ya Luvanda.

"Mimi nilikuwa ndani, fundi."

Kwenye simu Ghalib akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, urudishe mpira, muwatoe hapo barabarani. Mengine baadaye."

Luvanda akaurudisha na kuukaza. Chengula alisimama juu ya bega lake akifuata kila mzunguko wa bisibisi. Kwa miaka yote waliyojuana, hakuwahi kusimama pale.

Chengula hakumpeleka polisi, wala hakumtangaza. Wakikutana husalimiana. Lakini gari siku hizi linatengenezwa Iringa mjini. Ghalib alimaliza kazi yake vizuri, akampata fundi mmoja wa Mafinga, ndiye anayemfundisha. Alimpigia Luvanda mara moja tu.

"Sina hasira na wewe, kaka," alimwambia. "Na ulisema ukweli pale ambapo ungeweza kuuficha, hilo nimeliona. Ila kazi yangu naifanya bila kuliona gari. Siwezi kuifanya na mtu ambaye itabidi nimchunge."

"Naelewa," Luvanda akasema.

Bado ana gereji yake, na bado ni fundi mzuri. Ile Subaru inapopita kuelekea mjini, injini ikiwa imetulia kabisa, huacha spana na kuisikiliza mpaka ipotee. Turbo ile aliifunga yeye.

Funzo: Unayemwonea wivu kwa sababu anasifiwa mbele yako, huenda ndiye anayekusifu usipokuwepo. Kabla hujaiharibu kazi yake, kumbuka kuna watu ndani ya kazi hiyo. Na waliookoka wanaweza kukusamehe, lakini si lazima wakuamini tena.