Nyati na Fundo la Lango

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Somoe, mjukuu wangu, sogea mbele. Wewe umerudi na daftari la chuo, la biashara na uongozi, basi ngano hii ni yako. Wengine sikilizeni bure.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakilima na kugombania majembe kama sisi, palikuwa na mfereji. Ulitoka mtoni ukashuka hadi kwenye mashamba ya ulezi ya bonde zima. Juu kabisa, ubavuni mwa mfereji, palikuwa na lango la mbao. Siku zote lilifungwa, maji yaende mashambani. Maji yakizidi lilifunguliwa, yarudi mtoni. Ni hilo tu.

Mkuu wa Mfereji alikuwa Nyati. Msidhani alikuwa mvivu. Angekuwa mvivu wangepona. Nyati aliamka kabla ya jogoo, akala amesimama, akalala amechoka. Shida yake ilikuwa moja: hakumwamini mtu. Zamani mjomba wake alimpa Fisi ghala alilinde, Fisi akalila lote. Tangu siku hiyo Nyati akaapa kwamba kila jambo litapita kwake. Kosa la Fisi, wakaadhibiwa wasio fisi.

Basi aliyetaka kunoa jembe aliomba ruhusa. Aliyetaka kubadilishana zamu ya maji aliomba ruhusa. Aliyetaka kuziba tundu la mfereji aliomba ruhusa, na tundu likawa linamsubiri. Ngedere alipanga foleni siku tatu kuombea jembe lake, akapewa ruhusa, akarudi shambani akakuta palizi imepita.

Unasemaje, Somoe?

"Bibi, dawa yake ni kukasimu madaraka."

Ndiyo, mwanangu. Nyati hakusoma.

Sasa lile lango alipewa Bi Buku, yule panya mkubwa wa mashavu. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, na shamba lake lilikuwa la kwanza chini ya lango. Mwaka uliotangulia walikula mizizi. Mwaka huu ulezi wake ulikuwa umeinama kwa uzito, zimebaki siku nne avune.

"Lango hili ni lako," Nyati alimwambia siku ya kumkabidhi. "Likivunjika nitakuuliza wewe."

"Ahsante, Mkuu. Na kulifungua?"

"Kulifungua utaniuliza mimi."

Akalifunga kwa kamba ya katani, akapiga fundo lake mwenyewe. Na katika bonde lile fundo la mtu lilikuwa heshima yake. Kufungua fundo alilofunga mwenzio ilikuwa sawa na kumtukania mama. Bi Buku, ambaye meno yake yangeikata kamba ile kabla hujapiga chafya, alikuwa akiliangalia fundo kila asubuhi na kuliamkia shikamoo.

Siku moja mvua kubwa ikanyesha milimani. Mfereji ukavimba. Bi Buku akaingia majini, yakamfika kifundoni. Akapanda kilima mbio.

"Mkuu, maji yamezidi! Niruhusu nifungue lango."

"Subiri zamu yako. Wewe ni wa nne."

"Mkuu, maji hayapangi foleni."

"Ndiyo maana hayana adabu. Subiri."

Akasubiri. Zamu ilipofika, Nyati akamwambia arudi akahakikishe. Bi Buku akashuka mbio, akaingia majini, yakamfika magotini. Akapanda kilima mbio.

"Mkuu, maji yamezidi! Niruhusu nifungue lango."

"Yamefika wapi?"

"Magotini."

"Magotini kwa nani?"

"Kwangu, Mkuu."

Nyati akamtazama kutoka juu hadi chini, na safari haikuwa ndefu. "Magotini kwako hata kwato yangu hailowi. Kapime tena."

Bi Buku akashuka mbio, akaingia majini, yakamfika kifuani. Akapanda kilima mbio. Safari hii pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Mkuu, maji yamezidi. Niruhusu nifungue lango. Nina watoto kule."

"Nimekusikia," akasema Nyati, na kwa haki kabisa alikuwa amesikia. "Jambo zito hili. Nitakuja kuliona mwenyewe nikimaliza na Ngedere. Usiguse fundo langu."

Ngedere naye, mstari wa mbele, akasema, "Mkuu, mimi nimekuja kwa jembe tu. Naweza kungoja."

"Kila mtu na zamu yake," akasema Nyati.

Bi Buku aliposhuka mara ya mwisho, shamba lake halikuwepo. Palikuwa na maji ya kahawia, na katikati yake kichuguu, na juu ya kichuguu watoto watatu wameshikana mikia. Ulezi wote umekwenda. Hapa mimi huwa naumia, hata kama nimesimulia mara ngapi. Siku nne tu zilibaki.

Maji yalikuwa yanashuka kwenye shamba la Ngedere. Baada ya hapo ni shamba la Kanga, baada ya hapo ni bonde zima. Kwa Bi Buku hapakuwa na kitu tena cha kuokoa. Angeweza kukaa na wanawe, amngoje Mkuu, na hakuna ambaye angemlaumu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Bi Buku akaparamia lango, akaikata kamba kwa meno. Lango likafunguka kwa kishindo. Maji yakarudi mtoni.

Nyati akafika alasiri, kama alivyoahidi. Akakuta bonde limetulia na kamba imekatwa. Akaitisha baraza palepale.

"Nani alikabidhiwa lango?"

"Mimi, Mkuu," akasema Bi Buku. Alikuwa bado amelowa.

"Nani alitoa ruhusa?"

"Hakuna."

"Ningeitoa," akasema Nyati. "Nilikuwa njiani kuitoa."

"Mkuu, lango likivunjika, wa kuulizwa ni mimi. Lango likitaka kufunguliwa, wa kuulizwa ni wewe. Ulinitwika mzigo ukanifunga mikono. Leo nimekata kamba. Kama ni kosa, nimelifanya, na kesho maji yakija nitalifanya tena."

 Nyati akaligeukia baraza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Jamani, nisipoangalia mimi, nani ataangalia?"

Ngedere akasimama. Shamba lake lilikuwa limesalimika, na jembe lake bado lilikuwa butu.

"Mkuu, hatukukatazi kuangalia. Ila anayetaka kufunga kila fundo, na akae penye fundo. Shuka kilimani. Simama langoni, mchana na usiku. Na yule aliyejua la kufanya bila kuambiwa, yeye atuongoze sisi wengine."

Wote wakaitikia. Nyati akafikiri kidogo, akakubali. Tena alifurahi! Alisema ndicho alichokuwa akikitaka siku zote, kuliona jambo kwa macho yake.

Bi Buku akawa Mkuu wa Mfereji. Kila mwenye shamba akamletea vikapu viwili vya ulezi, na watoto wake hawakula mizizi mwaka ule. Siku yake ya kwanza kazini Ngedere alikwenda kumwomba ruhusa ya kunoa jembe.

"Likiwa butu, noa," akasema Bi Buku, akaendelea na kazi zake. Ngedere alisimama pale muda mrefu, hajui aende wapi.

Na Nyati? Alishuka akasimama langoni, akazama topeni hadi tumboni. Ndiyo maana hadi leo, ukipita mtoni utamkuta nyati amesimama kwenye tope, ametulia, macho mbele, hatikisiki. Usimcheke na usimpigie kelele. Anangoja aombwe ruhusa.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi sikumwomba mtu ruhusa ya kuimaliza.