Magodoro ya Vioo

Bwana Nuhu bin Marijani alinunua kiwanda cha vioo pale Korogwe, akaamuru wafanyakazi wanaopanga vioo wawe wanalala ghalani ili kuvilinda. Zaina binti Mkwizu, mmoja wao, akaenda kumwomba magodoro, maana sakafu ya saruji ilikwisha wavunja migongo.

"Kiwanda changu hununua vitu vya vioo, Bi Zaina, si vya watu."

"Basi vinunulie vioo magodoro, bwana."

"Kwani vioo vina migongo?"

"Vilaze juu ya saruji uone vitakavyopasuka. Muulize dereva wa lori linalovibeba."

Akamuuliza.

"Kioo kilicholazwa chini hakifiki Tanga," dereva akasema.

Jioni hiyo yakaletwa magodoro manene ya sufi.

Asubuhi Bwana Nuhu akaingia ghalani kwa mara ya kwanza. Vioo vyote vilikuwa vimesimama wima kwenye fremu za mbao, vimetenganishwa kwa magunia. Zaina na wenzake walikuwa juu ya magodoro, wanakoroma.

"Bi Zaina, hivi ndivyo vioo vinavyolala?"

Zaina akajinyoosha taratibu. "Vioo havilali, bwana. Husimama hivyo hivyo mpaka vinapopakiwa. Nikaona si vizuri magodoro nayo yakeshe."