Mwanga Mwekundu wa Kilima cha Mwangoji

Hapo zamani, mwaka ule jua lilipokuwa na ghadhabu na redio za masafa marefu zikawa zinakauka sauti kila baada ya magharibi, palikuwa na kituo cha kuchunguza anga juu ya Kilima cha Mwangoji. Kilima kikavu, mawe na miiba. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili vya matofali na kuba dogo la kioo juu ya paa, na chini ya kuba ilikaa kamera moja, ikitazama juu kila usiku usio na mwezi.

Msimamizi wa kituo aliitwa Kirigha. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpenda karatasi, asiyetaka kuamua jambo lolote ambalo kanuni ingeweza kumwamulia. Wageni walipomuuliza kamera inatafuta nini huko juu, aliwaeleza kwa jiko. Mkaa ukishapikia, moto ukifa, bado unabaki na wekundu wake. Hewa ya juu nayo ndivyo ilivyo. Mchana jua huipiga, likazivunja chembe zake na kuzitia umeme. Jua likizama, chembe hurudiana, na katika kurudiana hutoa mwanga. Mwanga huo ni mwekundu, uko kilomita mia mbili na hamsini juu ya vichwa vyetu, na ni hafifu hata jicho la mtu haliuoni. Kamera huuona. Na ukiona mstari mweusi umekatiza ule wekundu, jua kwamba hapo chembe za umeme zimepungua. Mstari huo husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, na kila unapopita, redio hukatika na vyombo vinavyoongozwa na setilaiti hupotea njia.

Sasa shikeni watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Mwadime, fundi wa kituo. Shule aliiacha darasa la saba, lakini hapakuwa na mashine iliyomshinda. Wa pili alikuwa Mghoi, msichana aliyesoma picha za kamera. Alikuwa na stashahada moja na miaka miwili ya kukaa mbele ya kompyuta, na aliweza kuutambua mstari mweusi kabla haujawa mstari. Wa tatu hakuwa mtu wa kituo. Alikuwa Mama Mkamburi, mjane aliyefuga mbuzi chini ya kilima upande wa magharibi. Umeme ulipofika kwake, alitundika taa kubwa juu ya zizi ili kuwafukuza fisi. Kirigha alishuka kumwomba aizime usiku usio na mwezi, kwa sababu kamera haiwezi kuona mwanga hafifu kama huo ikiwa taa inaimulika. Mama alifikiri, akauliza ni siku ngapi kwa mwezi, akaambiwa kumi na mbili. Akasema amekubali. Hakuandika popote, wala Kirigha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakumwomba aandike.

Ikawa mwezi wa sita kamera ikafa. Mwadime aliripoti kwamba kibamba cha kuipoza, kipande chembamba kinachopata baridi kikitiwa umeme, kimezeeka, na jicho la kamera lisipopozwa huona ukungu mtupu. Kirigha akaandika barua ya kuomba kibamba kipya. Barua ikaenda, jibu halikuja. Kwa siku arobaini kituo kikawa kipofu.

Katika siku hizo arobaini lilitokea jambo. Wenye ndege ya wagonjwa walikuwa na desturi ya kuuliza kituo kabla ya kuruka jioni. Waliuliza, na Mghoi hakuwa na picha. Alisikiliza tu mikwaruzo ya redio, akakisia. Alisema mstari unakuja, wasiruke. Hawakuruka. Usiku ule anga ilikuwa shwari kama maji ya mtungi, na mchunga ng'ombe aliyekuwa akisubiri kuchukuliwa, aliyeumwa na nyoka, alifikishwa hospitali asubuhi. Hakufa. Mguu wake ulikatwa.

Rubani wa ndege ile, Kapteni Mwashighadi, alimwambia Kirigha kwa upole kwamba hatauliza tena.

Mwadime alisikia habari za mguu ule akiwa chini ya kuba, bisibisi mkononi. Kesho yake alishuka mjini, akazunguka kwa wauza vyuma chakavu, akapata kijokofu kibovu cha gari, kile cha kupozea soda safarini. Ndani ya kijokofu kama hicho mna kibamba cha aina moja na kile cha kamera. Muuzaji aliipenda baiskeli ya Mwadime, Mwadime akamwachia. Alirudi kwa miguu. Alikifunga kibamba, akakata mabati ya kukiondolea joto, akakifunga tena, akakosea, akafungua, akafunga. Siku ya arobaini na moja kamera ikafumbua jicho. Na kibamba kile cha soda kikapoza kuliko kile cha zamani, hata picha zikawa safi kuliko zilivyowahi kuwa tangu kituo kijengwe.

Jioni ya tatu baada ya hapo ndiyo jioni ya kisa chetu.

Huko kaskazini mwanamke aitwaye Samba alijifungua, na damu ikakataa kusimama. Ndege ilikwenda kumchukua. Ndani walikuwamo rubani, muuguzi, Samba, mama yake na kitoto chenye umri wa saa sita. Walikuwa waje kutua Kishenyi, kiwanja cha vumbi kilichoko kati ya vilima viwili, ambako gizani rubani huongozwa na setilaiti na hana kingine cha kumwongoza. Walitarajiwa saa tatu na robo usiku, na Mghoi aliyasikia hayo yote redioni.

Saa mbili hivi fisi walifika kwa Mama Mkamburi. Aliwasikia kabla mbuzi hawajalia. Mkamwana wake alikuwa amekwisha kusimama kwenye swichi, akimsihi awashe. Mama alimwondoa mkono, akauweka wa kwake pale. Usiku ule haukuwa na mwezi. Alisimama hivyo, vidole juu ya swichi, akiwasikia mbuzi wake mmoja baada ya mwingine. Kisha akaiacha, akatoka nje gizani na sufuria na mti wa kuchochea kuni, akipiga kelele. Fisi hawaogopi sana sufuria. Walipoondoka, mbuzi kumi na mmoja kati ya kumi na wanne walikuwa wamekwisha, na mkono wa kushoto wa Mama ulikuwa umechanwa toka kiwiko hadi kiganja.

Saa mbili na dakika ishirini kamera ilipiga picha ya upande wa magharibi. Mghoi akaona ndani ya wekundu uzi mweusi, mwembamba, kilomita mia nne kutoka pale. Alipima picha tatu zilizofuatana, akajua mwendo wake, akapiga hesabu. Uzi ungefika juu ya Kishenyi saa tatu na dakika kumi na moja.

Alimpigia simu Kirigha, aliyekuwa mjini kwenye kikao cha harusi ya mpwawe. Alimweleza. Kirigha akaukumbuka mguu, akaikumbuka kauli ya rubani. Kisha akasema, "Mwenye picha ni wewe, Mghoi. Amua."

Mghoi alikaa na redio mbele yake. Baadaye alikiri kwamba alikaa dakika saba. Kama angekosea tena, Samba angezungushwa angani huku damu ikimwishia, na safari hii gharama isingekuwa mguu tu. Dakika ya nane akabonyeza.

"Kapteni Mwashighadi, ni Mghoi wa Mwangoji. Mara ile nilikisia. Leo ninaona. Usitue Kishenyi. Saa tatu na dakika kumi na moja utapoteza setilaiti, na redio hii pia. Nenda pwani, kiwanja kikubwa, ambako kuna taa na mitambo ya ardhini."

 Pwani kulikuwa mbali zaidi kwa dakika ishirini. Mwisho Kapteni aliuliza, "Unauona mstari kwa macho yako?"

"Ninauona."

Akageuza ndege.

Saa tatu na dakika kumi na mbili chombo chake cha setilaiti kilianza kuonyesha kwamba ndege iko mahali ambapo haipo, kisha kikazima. Redio ikafuata. Ilikuwa hivyo kwa dakika kumi na tisa. Kapteni alifuata taa za pwani, akatua. Samba akaongezwa damu, akapona. Kitoto kikapewa jina la rubani, jambo ambalo rubani mwenyewe aliliona si haki.

Wenye ndege walifurahi, wakaandika barua kwa kituo. Walitoa zawadi moja: masomo kamili ya chuo kikuu, mpaka mwisho wake, kwa mtu mmoja aliyeziokoa roho tano zile, au kwa mtu wa nyumba yake. Kirigha aliijibu haraka, akiuliza kama zawadi yaweza kugawanywa. Wakamjibu kwamba haigawanyiki. Fomu ina mstari mmoja wa jina, na irudishwe kabla ya Ijumaa.

Kirigha alitafuta kanuni. Hakuipata. Basi Jumapili mchana akawaita wote watatu kituoni, akawamiminia chai, akawasomea barua, akawaambia kila mtu aseme lake.

Mwadime alianza. Alisema, "Picha inatoka kwenye kamera, na kamera niliifufua mimi. Barua yako, Bwana Kirigha, mpaka leo haijajibiwa. Nina binti, Mkawasi, yuko kidato cha nne, ana kichwa kuliko changu. Bila mimi hakuna ambaye angeona kitu." Akanywa chai, akaweka kikombe chini. "Lakini sitaki kudai kwa uongo. Kibamba hakikuzeeka. Niliiangusha kamera nikiisafisha, nikaogopa kusema."

 Mghoi akamgeukia Mwadime. "Kumbe ni wewe uliyenipofusha siku arobaini," alisema. "Kama ungesema, ungeambiwa ukitafute kibamba wewe mwenyewe siku ya kwanza, tusingengoja barua. Nisingekisia. Yule mtu angekuwa na miguu miwili."

"Ni kweli," Mwadime akajibu. "Na kwa kibamba cha zamani, ungeuona uzi ule?"

Mghoi alifikiri. Alikuwa mkweli, na ukweli ulimgharimu. Akasema hapana, uzi ulikuwa mwembamba mno, kamera ya zamani isingeuonyesha kilomita mia nne. Ungeonekana umeshafika. Basi kuanguka kwa kamera kulimkata mtu mmoja mguu, na kukawaokoa watu watano, na hapo chumbani hapakuwa na aliyejua namna ya kuyaweka mambo hayo mawili katika mizani moja.

Mghoi akasema lake. "Kamera iliona, lakini kamera haisemi. Mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyepiga hesabu, mimi ndiye niliyebonyeza redio nikijua nikikosea nitakuwa nimeua. Hakuna aliyenisaidia kubeba." Hapo hakumtazama Kirigha, lakini Kirigha alihisi ametazamwa. "Nataka kuisomea anga hii hii. Nimeomba mara tatu, nimekosa mara tatu."

Zamu ikamfikia Mama Mkamburi. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa. Alisema yeye hakuja kudai, ameitwa, na kwamba chai ni nzuri. Kirigha akamwuliza alipoteza nini. Akasema kumi na mmoja, na kwamba mbuzi hao ndio waliokuwa wampeleke chuo mjukuu wake Wawuda, aliyemaliza shule mwaka juzi na sasa anachota maji.

Kirigha akamgeukia Mghoi, akauliza kama taa ile ingewaka, picha ingekuwaje.

"Picha ilikuwa ya magharibi," Mghoi alisema. "Taa ya Mama iko magharibi. Nisingeona kitu." Kisha akaongeza, bila ubaya, "Lakini Mama hakujua kama kuna ndege. Hakuzima taa kwa ajili ya Samba. Mimi nilijua."

Mama Mkamburi aliitikia kwa kichwa. "Sikujua, mwanangu. Ningejua kuna mzazi anavuja damu huko juu, nani angekuwa na la kufikiri? Nisingeigusa swichi. Nilikuwa nimeishika kwa sababu sikujua. Nilikuwa na mbuzi wanaolia na neno nililolitoa, basi."

 Mwadime alisema kwa sauti ndogo kwamba kama ni hivyo yeye anaona apewe Mama. Akakaa kidogo, akamkumbuka Mkawasi, akasema asihesabiwe amesema. Mghoi hakucheka, wala hakuna aliyecheka. Wakamaliza chai, wakaagana vizuri, kila mmoja akashuka kilima kwa njia yake. Mama Mkamburi aliteremka mwisho, polepole, kwa sababu ya mkono.

Kirigha akabaki na fomu. Ikawa Jumatatu, ikawa Jumanne. Jumatano alimwandika Mghoi kwa penseli, akafuta. Alhamisi akamwandika Mwadime, akafuta, kisha Mama, na karatasi ikaanza kutoboka pale penye mstari. Asubuhi ya Ijumaa mjumbe alifika na pikipiki, akasimama mlangoni bila kuzima injini. Kirigha akachukua kalamu ya wino.

Alichoandika mimi sikuambiwa, na aliyenisimulia naye hakuambiwa. Najua tu kwamba mmoja alilipa kosa lake na kuyazidisha malipo, mmoja alijua akathubutu, na mmoja hakujua akatimiza. Mjumbe angali mlangoni. Haya, nyie mnaonisikiliza, kalamu iko kwenu: je, mstari ule ulistahili jina la nani?