Bibi Nyamizi na Kidogo cha Duara

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, nisipayuke!
Tumesogea!

Hapo zamani za kale, moto ulivamia kijiji kimoja. Ukala maghala yote. Ukashuka mtoni, ukala matete, yakabaki machache. Mtama ukalundikwa uwanjani, na masika yako mlangoni.

Kijijini humo alikuwepo Bibi Nyamizi, msusi wa vihenge. Kihenge ni ghala la mviringo. Ukuta wake husukwa kwa matete mabichi, palepale mtoni, maana yakikauka hayasukiki tena. Miaka yote Bibi alisuka ukuta mrefu, kisha akakata uliozidi. Mwaka ule hapakuwa na tete la kutupa.

Akaja shemeji yake, fundi Lukelesha.

"Shemeji, mawe ya msingi sijapanga, ila boriti ya kupita katikati nimekata. Upana shibiri saba. Suka mara tatu yake: ishirini na moja."

"Mara tatu na kidogo, shemeji."

"Kidogo ngapi?"

"Kidogo tu!"

"Kidogo tu si kipimo. Suka!"

Bibi akasuka. Kwaru, kwaru, kwaru! Ukuta ukapandishwa kijijini, ukazungushwa. Loo! Pengo la shibiri moja. Mbuzi akaingia, mee! Wakaliziba kwa tope.

Lukelesha akarudi mtoni. "Sasa tunajua. Kidogo ni shibiri moja. Kihenge cha pili upana kumi na nne. Suka arobaini na mbili, ongeza moja."

Moyo wa Bibi ulikataa, lakini mikono ikashika matete. Akasuka. Kwaru, kwaru, kwaru! Ukuta ukazungushwa. Loo! Pengo lilelile, shibiri moja.

"Umenipunja!" akafoka Lukelesha.

"Nimesuka ulichosema!"

Wakaziba kwa tope, wakajaza mtama. Usiku mvua ikaja, cha, cha, cha! Tope likayeyuka, maji yakaingia. Asubuhi mtama wa vihenge viwili ulinuka uvundo. Bibi Nyamizi aliuchota kiganjani, akautupa. Alimkasirikia shemeji yake. Kisha akajikasirikia mwenyewe: miaka arobaini anasema kidogo, wala hajawahi kukipima!

Ikabaki mbegu ya kijiji kizima, imefunikwa kwa ngozi.

"Kihenge cha mwisho," akasema Lukelesha. "Upana ishirini na moja. Mara tatu ni sitini na tatu. Tuongeze moja? Mbili?"

"Nyamaza, shemeji! Leo hunipangii!"

Bibi akachukua ungo. Akakata kamba yenye upana wa ungo, akailaza ukingoni mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Pakabaki nafasi ndogo. Akaikunja kamba mikunjo sita sawasawa. Mkunjo mmoja ukazidi nafasi. Akaikunja minane. Ukapungua. Lukelesha akaguna, "Mvua inakuja, wewe wacheza na kamba!" Bibi akaikunjua. Akaikunja saba. Mkunjo ukaingia, tii!

Akapima mdomo wa kinu. Saba! Akapima mtungi. Saba!

"Ewe mwanamume mbishi! Kidogo si shibiri moja. Ni fungu moja katika mafungu saba ya upana. Duara likikua, nacho kinakua!"

"Basi kwa ishirini na moja?"

"Tatu! Sitini na tatu na tatu, sitini na sita. Na matete yaliyobaki ndiyo hayo, hakuna mengine."

Kwaru, kwaru, kwaru! Vidole vikatoka damu. Ukuta ukapandishwa, ukazungushwa. Ncha na ncha zikabusiana. Lukelesha akapitisha ukucha akitafuta pengo. Hakuna.

"Shemeji, nisamehe."

"Niletee mbegu kwanza. Utaniomba msamaha tukiwa ndani."

Mvua ikanyesha siku tisa. Mbegu haikulowa hata punje. Mwaka uliofuata walipanda, wakala, na hadi leo wasusi wa huko hukunja kamba mikunjo saba wakilitaja jina la Nyamizi.

Wanangu, anayewaambia "na kidogo" msikilizeni, naye akae chini akipime. Hadithi yangu nimeitua hapo.