Pikipiki ya Mihayo na Jina Moja

Hapo zamani, na msinitolee macho, zamani yangu mimi ni ya juzi tu, pikipiki zilipokwisha kufika mpaka ndani ya misitu ya miombo, palikuwa na mrina asali akiitwa Mihayo. Alikuwa na mizinga arobaini juu ya miti. Alikuwa na mke, Mwashi. Na alikuwa na pikipiki ndogo ya makorongoni, ya matairi yenye meno, aliyoipenda hata Mwashi akawa anamwuliza, "Hivi umenioa mimi au umeoa hilo lidude?"

Basi asubuhi moja Mwashi akashikwa na uchungu. Mtoto wao wa kwanza walikuwa wamempoteza kwa sababu mkunga alifika amechelewa, na Mihayo hakuwa amesahau. Safari hii hakungoja hata uji. Akarukia pikipiki, akakimbilia zahanati, akampakia nesi Kalunde, mkunga, na mkoba wake, wakageuza kurudi. Walipofika njia panda, msitu mbele, msitu nyuma, nyumbani bado mwendo wa saa mbili kwa miguu, pikipiki ikakohoa, ikajikongoja, ikazima.

Akapiga kiki. Ikawaka, ikafa. Akapiga kiki. Ikawaka, ikafa. Akapiga kiki mpaka goti likauma. Ikawaka, ikafa!

Sasa sikilizeni desturi ya watu wa huko. Mtoto hupewa jina la mtu, na mtu huyo ndiye somo wake. Kitovu kikishadondoka, somo ndiye anayempokea mtoto mlangoni siku ya kutolewa nje, na uzeeni kwake mtoto ndiye atakayemlimia na kumtekea maji. Somo ni mmoja tu. Na jina likishaahidiwa mbele ya mkunga, halirudi nyuma.

Mihayo akaona mtoto wa pili naye anaondoka hivihivi. Akashika kichwa, akapiga kelele: "Jamani! Atakayeiwasha pikipiki hii, mwanangu ataitwa jina lake! Nesi, wewe ni shahidi!"

"Nimesikia," akasema Kalunde. "Lakini ungefikiri kwanza, ndipo upige kelele."

Pale njia panda palikuwa na watu watatu, kila mtu na shughuli yake.

Wa kwanza Nyanzala, mwanamke aliyeuza petroli kwenye chupa. Huyu na Mihayo hawakuwa wakisalimiana, maana Mihayo ndiye aliyewatangazia watu kwamba petroli ya Nyanzala ina maji. Tangu hapo akawa ananunua mjini na kuweka kwenye dumu nyumbani. Nyanzala akasimama, mikono kiunoni. "Ehe! Leo petroli yangu ina maji, au haina?"

"Dada yangu, nisamehe. Mke wangu anajifungua."

Nyanzala akaacha kucheka palepale. "Vuta choki, ile ya kubana hewa, upige kiki." Mihayo akavuta, akapiga, ikawaka, ikanguruma. "Rudisha choki." Akarudisha. Ikafa. Mihayo akainama kufungua plagi. Nyanzala akamchapa kofi la mkononi. "Achana na plagi! Moto upo, ingekuwa haina moto isingewaka kabisa. Ukiibana hewa inaishi, ukiiachia hewa inakufa. Basi mafuta hayafiki. Kabureta imeziba. Hapo, na si pengine."

Loo! Mihayo alikuwa tayari kumaliza asubuhi nzima kwenye plagi na nyaya.

"Nani ataifungua?" akauliza. Wote wakamgeukia mtu wa pili, Kasanda, fundi baiskeli. Naye akatazama kando. Wateja wake wote walikuwa wamehamia kwenye pikipiki, akaapa kwamba spana yake haitagusa pikipiki mpaka anaingia kaburini.

"Fundi, nakuomba."

"Mimi na mapikipiki hatujuani."

Kalunde akamsogelea. "Fundi, yule mama kule hana pikipiki wala baiskeli. Ana uchungu tu."

Kasanda akatema mate, akachukua spana, akapiga magoti. "Kitu hiki sijawahi kukifungua," akasema. "Nitandikieni kanga. Kila ninachotoa nakipanga kwa mstari, nikirudisha nianzie mwisho." Akafungua bakuli la kabureta. Akapanga. Akafungua kijipande cha shaba chenye tundu dogo katikati, tundu linalopitisha mafuta. Akapuliza: hakuna. Akalielekezea jua: hakuna mwanga hata chembe. Akachukua waya mgumu alioukata kwenye breki ya baiskeli.

"We! Usitie waya!"

Aliyepiga ukelele huo ndiye wa tatu, Bibi Shija, mwanamke mzee aliyekuwa akiyeyusha masega pale njia panda ili apate nta. Akaja mbio na fimbo yake, akakinusa kile kishaba, akanusa tena. "Hii ni nta. Ukichokoa kwa waya utaisukuma ndani, na tundu utalipanua."

"Nta?" Mihayo akashangaa. "Nta imefikaje kwenye kabureta, Bibi?"

"Petroli yako unaiweka wapi?"

"Kwenye dumu."

"Dumu gani?"

"Lile ulilonipa wewe, Bibi. La asali."

Bibi Shija akajishika mdomo. Alilisuuza lile dumu kwa maji ya baridi, harakaharaka, kwa kuwa siku hiyo alikuwa anawahi msibani. Maji ya baridi hayaondoi nta, lakini petroli inaiyeyusha na kuibeba mpaka ndani kabisa. Kosa la namna hiyo, ndugu zangu, kwenu halipo. Linataka mtu awe na mizinga, awe na dumu la asali, na awe amegombana na muuza petroli!

Bibi Shija alikuwa na sufuria la maji safi yanayochemka, ameyaandaa kuchujia nta ya mwezi mzima. Maji hayo yakienda kwingine, nta inaganda pamoja na takataka, kazi imekwisha. Hakusita. Akalibeba sufuria mpaka kwenye kanga ya fundi, akakitumbukiza kile kishaba kwa uzi, akakitoa, akakitumbukiza. Juu ya maji pakaelea pete nyembamba ya mafuta. Kasanda akapuliza: phwiii! Akalielekezea jua, mwanga ukapita.

Nyanzala akamwaga petroli yote ya tangini, akatia ya kwake, chupa mbili, bila kuuliza cha kulipwa. Lakini gasketi, ile pete ya kuzuia bakuli lisivuje, ilikuwa imechanika. "Kata mpira wa tyubu," akasema Mihayo. "Mpira utavimba kwa petroli," akajibu Kasanda, "hutafika hata nusu ya njia." Akavua kiatu chake, cha ngozi, cha kuendea kanisani, akakata ulimi wake, akachonga gasketi. Akarudisha vyote kwa mstari, kimoja kimoja.

Mihayo akapiga kiki. Ikawaka. Akarudisha choki. Ikaendelea kuwaka! Akalia bila aibu mbele ya watu wote, Kalunde akamsukuma mgongoni: "Utalia huko mbele! Twende!"

Wakafika. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, mara mbili. Kalunde akanawa, akaingia, na baada ya muda ambao Mihayo aliuona mrefu kuliko mwaka mzima, mtoto akalia. Msichana. Mwashi salama, mtoto salama. "Robo saa zaidi," Kalunde akasema akifuta jasho, "ningekuja kuwapa pole."

Siku zikapita, kitovu kikadondoka. Asubuhi hiyo wakaja wote watatu, wamevaa wakapendeza, wakasimama uani.

"Jina ni langu," akasema Nyanzala. "Nilimsaidia mtu aliyenichafua. Nisingemwonyesha ugonjwa, mpaka sasa angekuwa anasugua plagi."

"Uliuonyesha, sawa," akasema Kasanda. "Nani aliufungua? Nilivunja kiapo changu. Mikono hii ndiyo iliyoitengeneza, na kiatu changu hadi leo kimo ndani ya kabureta, nenda katazame."

Bibi Shija akaegemea fimbo yake. "Mimi kosa ni langu, sikatai," akasema. "Nta yangu, dumu langu. Mkisema nimefuta tu uchafu wangu, nitanyamaza. Lakini fundi alikuwa na waya mkononi. Angeutia, hata yeye asingeiwasha, hata Nyanzala asingeiwasha. Na nta yangu ya mwezi niliipoteza kwa ajili ya mtoto ambaye nilikuwa sijamwona."

"Ungesuuza dumu kwa maji ya moto, Bibi, pikipiki isingezima!" akasema Nyanzala.

"Na wewe ungeuza petroli isiyo na maneno, asingehitaji dumu!"

Mihayo akaingia ndani jasho likimtoka. "Tumpe majina matatu," akanong'ona.

"Mwanangu huyu mdogo atalima mashamba matatu?" akauliza Mwashi. "Uliahidi mtu mmoja, mtafute huyo mmoja."

"Basi aitwe Kalunde."

Nesi, aliyekuja kumtazama mzazi, akatikisa kichwa. "Mimi sikuiwasha. Usinitumie mimi kuikimbia ahadi yako. Jina linakwenda kwa mwanamke au mwanamume, kwa mwenye kosa au asiye na kosa, alimradi ndiye aliyeiwasha. Mimi ni shahidi wa hilo tu."

Mwashi akamfunga mtoto kwenye kanga mpya, akamwekea baba yake mikononi. Alikuwa anatabasamu, kwake yeye siku ilikuwa imekwisha kuwa njema. "Nenda," akasema, "watu wamesimama juani."

Mihayo akasimama kizingitini. Nje, mikono sita ilikuwa imenyooshwa. Mtoto akafumbua macho, akapiga mwayo. Mihayo akainua mguu kutoka.

Haya, ninyi mnaotafuna karanga zangu bure tangu jioni, lipeni sasa: mtoto yule aitwe Nyanzala, aitwe Kasanda, au aitwe Shija? Je, ni nani hasa aliyeiwasha ile pikipiki?